Ngano ya Mzee Koehn

Belle Anse, Louisiana
3 Mei 2009

Mpwa wangu Noemi,

Nakusalimu wewe na hao wagonjwa wako wa Wichita. Huku tu wazima. Goti langu hulalamika likiona wingu, lakini goti ni goti, halina adabu. Jumapili mama yako alikuja na sufuria la kamba wa mtoni, tukawamwaga juu ya magazeti tukala hadi midomo ikawaka. Tulikutaja sana. Analia kwamba huko Kansas utasahau kula. Nikamwambia, Odile dada yangu, mtoto amekwenda kuuguza watu, hakwenda kufungwa.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Mimi na simu tumeachana zamani. Mizinga ya Vietnam iliniachia mluzi kichwani, na mtu akinipigia namsikia kama nyuki ndani ya chupa. Wewe andika. Mwandiko wako unatisha, lakini angalau haupigi kelele.

Nina ombi moja. Kaskazini ya hapo ulipo kuna kijiji kinaitwa Sandel. Kina kanisa jeupe, na nyuma yake makaburi. Tafuta kaburi la Leland Koehn, uniangalizie kama linatunzwa. Basi. Usiniulize ni nani. Nakujua, tangu hujaota meno ya mbele ulikuwa ukitaka kujua kwa nini mamba hana masikio. Safari hii jizuie.

Mjomba wako,
Ovide


Wichita, Kansas
26 Mei 2009

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, na ninakula. Mwambie Mama aache kulia. Goti lako lipake ile dawa niliyokuachia, usiiweke tu kabatini kama pambo.

Nimekwenda Sandel. Nilijizuia nusu saa nzima, Mjomba, nisije nikasingiziwa. Kaburi linatunzwa vizuri kuliko uwanja wa mbele wa nyumba yetu. Nilimkuta mwanamke akikata majani kwa mashine. Akaniuliza:

"Wewe ni nani wake Leland?"

"Simjui. Nimetumwa na mjomba wangu."

"Mjomba gani?"

"Ovide Guidroz, wa Louisiana."

Akazima mashine. "Ovide? Yule askari?" Akakaa chini pale pale kwenye majani, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini. "Yuko hai?"

"Yuko hai, na ni mbishi."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Hata wakati ule. Mama alimpa kofia, akakataa kuivaa, pua ikaungua ikawa kama nyanya!"

Huyo ndiye Verna, dada yake Leland. Alinipeleka kwao, akanikalisha jikoni, akanisimulia mambo ambayo sijawahi kuyasikia katika ukoo wetu. Kwamba Juni ya mwaka 1969 ulitumwa na jeshi kusindikiza jeneza la kaka yake, mtu ambaye hata hukumjua. Kwamba kanisa lao ni la watu wasioshika bunduki, na Leland alijiandikisha jeshini bila ridhaa ya baba yake. Majirani walikuja kuzika, wakasimama mbali, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza nani atavuna. Na ngano ilikuwa imeiva, mawingu ya mvua ya mawe yamejaa, na Mzee Koehn mkono wake umevunjika, uko ndani ya plasta.

Wewe ulikuwa uondoke kwa basi la asubuhi. Verna alikuwa binti mdogo, anakuchungulia dirishani. Anasema uliweka sanduku lako kwenye ngazi, ukavua koti la jeshi ukalitundika kwenye uzio, ukapanda kombaini, ile mashine ya kuvunia. Hukusema neno, ila ulimwuliza baba yake breki iko wapi.

Mjomba! Sisi nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba ulitoroka jeshini kwa ajili ya mwanamke wa Texas. Babu aliingia kaburini akiamini hivyo. Uliachishwa jeshi kwa sifa mbaya, hospitali ya wanajeshi wa zamani ikakukataa na masikio yako, na wewe umenyamaza miaka yote hiyo? Kwa nini? Sasa nimeuliza, na siombi radhi.

Mpwa wako,
Noemi


Wichita
30 Julai 2009

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima. Namuuliza Mama, ananiambia uko bustanini na bamia zako, unakula, unalala, unamkaripia mbwa. Ni mimi tu ambaye huniandikii.

Nimezungumza na wakili anayewasaidia wanajeshi wa zamani, Bwana Pruett. Anasema iko bodi inayopitia upya maombi ya watu walioachishwa kwa sifa mbaya, na ikiridhika inaweza kubadilisha cheti. Nikamweleza habari yako. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika ni ngano.

Ukinikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Mpwa wako,
Noemi


Belle Anse
14 Septemba 2009

Noemi,

Salamu. Nimepona hasira, ndiyo maana naandika. Nilikutuma ukaangalie kaburi, wewe ukarudi na mazishi yote.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Sikiliza. Nilirudi kambini mwenyewe, kwa basi, pua imebanduka ngozi. Kapteni alinisimamisha mbele ya meza.

"Ulikuwa wapi, askari?"

"Nilikuwa navuna ngano, bwana."

"Unanitania?"

"Hapana, bwana."

"Ngano ya nani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu. Ndipo akaongeza kwamba yeyote aliyemficha askari mtoro atafikishwa mahakamani pamoja naye. Nikamfikiria yule mzee na plasta yake. Nikamfikiria mkewe, ambaye nilimkabidhi bendera iliyofunika jeneza la mwanawe, imekunjwa, akaizungusha mikononi hajui aiweke wapi katika nyumba ile. Nikasema, "Ya wenyewe, bwana."

Aliniandikia kila kibaya alichoweza kukitaja. Simlaumu sana. Hata mimi ningeona natukanwa.

Mwanamke wa Texas nilimbuni mimi. Babu yako alikuwa mkulima wa miwa, mtu wa hasira. Angepanda gari moshi siku ile ile kwenda Kansas kuwauliza akina Koehn kwa nini mwanawe anaadhibiwa kwa ajili ya shamba lao. Mwanamke alimwelewa haraka. Alinipiga kofi moja, mambo yakaisha.

Bodi sitaki. Kidonda kilichokauka hakichokonolewi. Na Verna usimwambie kwamba niliadhibiwa.

Mjomba wako,
Ovide


Wichita
2 Oktoba 2009

Shikamoo Mjomba wangu,

Afya yangu njema, ya kwako naifahamu kwa Mama: eti juzi gari lilikupigia honi barabarani hukulisikia, mpaka mtu akakuvuta shati. Hilo hukuniandikia.

Verna ameshajua. Sikumwambia. Aliniuliza mwenyewe, "Jeshi lilimfanya nini?" nami sijui kusema uongo mbele ya mtu anayenimiminia kahawa. Akasema: "Wazazi wangu walimwombea kila Jumapili wakidhani amerudi kwao salama. Laiti wangejua, wangetembea kwa miguu mpaka kwa huyo kapteni."

Mjomba, Mzee Koehn amekufa, mkewe amekufa. Hakuna wa kushtakiwa tena. Wale uliokuwa ukiwakinga wamelala nyuma ya kanisa jeupe, karibu na mtoto wao. Sasa unamkinga nani? Kapteni?

Verna anasema yuko tayari kusimama mbele ya bodi hata ikiwa mwisho wa dunia. Wewe mwachie basi mwanamke huyo alipe fadhila. Kumnyima mtu kushukuru nako ni uchoyo.

Mpwa wako mwenye kiherehere,
Noemi


Belle Anse
20 Novemba 2009

Noemi,

Salamu zako na za Verna nimezipata. Nimetia sahihi. Mwambie wakili asiniite shujaa popote. Nilivuna ngano.

Mjomba


Belle Anse
11 Machi 2011

Mpwa wangu Noemi,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu. Nimerudi kutoka Washington, mifupa yote iko mahali pake. Najua unasota kwa kutaka kujua, na najua wakili hakukuambia lolote la maana kwa sababu bado amenikasirikia.

Kusubiri zaidi ya mwaka, kisha kumbe ni chumba cha kawaida tu, meza ndefu, jagi la maji. Watu watano. Niliwatazama nikajiuliza, hawa ni akina nani, mbona hawafanani na watu wanaopima heshima ya mtu? Mmoja alikuwa na mafua. Verna alisema ya kwake kwanza, amesimama wima kama yuko kanisani, na hakulia, ingawa mimi nililazimika kutazama dari.

Mwenyekiti ni mwanamke, kanali mstaafu. Aliniuliza jambo, sikulisikia. Akarudia, sikulisikia. Wakili akaanza kunijibia. Yule mama akamnyamazisha kwa mkono, akainuka, akazunguka meza yote, akaja kuniinamia sikioni.

"Bwana Guidroz, ukirudishwa asubuhi ile, basi linakusubiri, utalipanda?"

Wakili alinifundisha jibu: najuta, nilikuwa kijana, nisingerudia. Jibu zuri. Nililikariri ndani ya ndege. Lakini yule mama alikuwa ameniuliza kwa kutaka kujua kweli, Noemi, si kwa kunitega, nikaona aibu kumpa jibu la kukariri.

"Nitampigia kapteni simu niombe ruhusa," nikasema. "Akikataa, basi litaondoka bila mimi."

Wakili akajifunika uso.

Halafu mzee mmoja wa pembeni, mwenye sauti ya kusikika bila kuzungukwa meza, akaniuliza: "Shamba kama lile halimalizi wiki mbili. Wewe ulikaa karibu mwezi. Wakati uliobaki ulikuwa unafanya nini?"

Nikasema, "Kulima mabua yaliyobaki shambani."

"Mabua hayaharibiki. Kwa nini hukuondoka?"

Sikumjibu. Sababu ninayo, lakini Verna alikuwa ameketi nyuma yangu, na haikuwa haki aisikie mara ya kwanza mbele ya watu wenye mafua. Kwenye korido akanishika mkono akaniuliza kitu kile kile, kwa namna nyingine. "Ovide, baba yangu alikuwa anakwambia nini kule shambani? Tangu tumzike Leland mpaka siku alipokufa, hakulitaja jina lake mbele yetu. Hata mara moja." Nikamwambia hilo si la korido. Nitakwenda kwake.

Mjomba wako,
Ovide


Wichita
9 Juni 2011

Shikamoo Mjomba,

Nimepiga yowe mpaka wagonjwa wakadhani kuna moto! Mama alinipigia akinisomea cheti kipya herufi kwa herufi. Wakili anasema si heshima kamili, ni daraja moja chini yake. Wanne walikubali cheti kibadilishwe, mmoja, yule mzee wa mabua, alipinga, na wakili anasema kilichokukosesha daraja la juu ni zile wiki za mwisho ambazo hukutaka kuzieleza. Lakini hospitali itakupokea, na masikio yako yana miadi mwezi Agosti.

Anauliza kama unataka kukata rufaa, ueleze safari hii. Mimi nauliza tu: ulikuwa na sababu gani, mpaka ukaachia heshima kamili ipite mbele yako ukaitazama?

Mpwa wako,
Noemi


Sandel, Kansas
24 Juni 2011

Noemi mwanangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Verna. Afya njema, na ninakula kupita kiasi: kuna mikate yao ya siagi, midogo, mmoja umempanda mwenzake mgongoni, huwezi kuacha. Umesema utafika Jumamosi, lakini jibu lako nakupa leo, kwa kuwa mwenyewe wa habari ameshaisikia.

Jana Verna aliniweka kwenye kiti cha baba yake, akakaa mkabala nami. "Haya. Hapa si korido."

Nikamwambia, "Siku ya mwisho ya kuvuna, tulipofika ukingoni, baba yako alizima injini. Akatazama shamba akasema: Leland angekuwa amelimaliza hili tangu juzi. Na nusu ya ngano angeiacha chini. Akacheka, Verna. Akacheka mpaka plasta ikagonga chuma, kisha akalia."

Verna alishika ukingo wa meza. "Alilitaja jina lake."

"Alilitaja."

"Mara moja hiyo?"

Nikamtazama. Ndipo nikatambua kwamba miaka yote hii hakuna mtu aliyemwambia. "Mara moja? Kutwa! Tangu siku ya kwanza, amesimama ubavuni pangu, kelele za injini zimetufunika, ananisimulia: gia hii Leland aliivunja. Hapo kwenye mfereji Leland alitumbukiza trekta akatuambia ng'ombe ndiye aliyelisukuma. Leland alipoondoka hakuaga, nami nilikuwa zizini namsikia akivaa viatu, sikutoka. Jioni tukishuka, anafunga mdomo kama mlango. Mama yako anaweka chakula, wewe unatutazama, hakuna neno. Asubuhi tukipanda, anaendelea pale pale alipoishia."

"Na ngano ilipokwisha?"

"Ngano ilikwisha, yeye alikuwa hajamaliza. Nikamwambia, Mzee, haya mabua tuyalime. Hakuuliza kwa nini. Akapanda."

Hiyo ndiyo sababu, Noemi. Yule mzee wa bodi aliuliza swali zuri, na kura yake sina kinyongo nayo. Mwambie Pruett rufaa hapana. Daraja lililobaki limekaa mahali pake.

Verna akaenda kumpigia simu dada yake mkubwa aliyeko Nebraska. Wapo njiani, yeye na watoto wake wakubwa watatu. Amenivutia kiti karibu, kwenye sikio langu lenye nafuu, akasema, "Ovide, anza mwanzo. Ile gia aliivunja vipi?"

Kwa hiyo mwambie mama yako sitarudi Jumatatu kama nilivyoahidi. Asinisubiri kwa chakula.

Mjomba wako,
Ovide