Nimewaambia Unakuja

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa amani ya Mwenyezi Mungu. Shemeji keshaanza kutembea bila mkongojo? Na mgongo wako, umetulia? Mimi nipo, cherehani inazunguka, alhamdulillahi.

Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Titi langu la kushoto halipo. Lilishikwa na saratani, wakalikata kipindi kile ulipokuwa ukimuuguza shemeji, nikaona nisikutwishe mzigo juu ya mzigo. Ugonjwa wanasema umeisha. Kilichobaki ni pengo. Nikisimama kuswali nikaweka mikono kifuani, inateleza upande mmoja kama iko kwenye mteremko, na mawazo yanateleza nayo.

Nilijishonea kifuko cha pamba nikakitia kwenye sidiria. Siku moja nampima bibi harusi kiuno, kikashuka mpaka tumboni. Binti wa watu akaniuliza kwa adabu kama nina ujauzito. Nilicheka mpaka machozi! Jioni nikatamani kumsimulia mtu, nikakosa wa kumsimulia, nikaendelea kukata kitambaa.

Sasa kuna daktari, binti mdogo tu, ananiita mama fundi. Kaniambia wanaweza kuniotesha titi jingine. Wanaweka kiunzi laini chenye matundu, kisha wanafyonza mafuta ya tumbo langu na kuyapanda humo. Nyama yangu mwenyewe inajijenga, na kiunzi kinayeyuka taratibu. Nikamwambia basi hiyo ni bandi, ule uzi wa kushikizia nguo tunaoufumua ikishashonwa. Akasema hasa, ila hii inajifumua yenyewe. Hakunificha: bado wanajaribu, huenda lisishike, na hata likishika huenda nisihisi nikiguswa. Nikamjibu, kwani sasa hivi ananigusa nani? Akainamia karatasi zake, nami nikajuta kumtia simanzi.

Jirani yangu kauliza, kwa umri huu na ujane huu, titi la nani? Nimemwambia langu. Na wewe ulivyokuwa ukilisimanga tumbo langu, eti gunia la bure, leo linatakiwa hospitali!

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Hospitali waliuliza nani atakaa nami siku ya upasuaji na kuniogesha baadaye, maana mkono sitaweza kuuinua. Wagonjwa wenzangu kila mmoja alimtaja wake. Mimi nikasema dada yangu anakuja, tiketi keshakata. Ulimi ukanogewa, nikaongeza kwamba mgongo unakusumbua na unapenda kulala upande wa dirishani. Muuguzi akafurahi, akasema atakutafutia kiti chenye mto kwa ajili ya mgongo wako. Dada, mimi wa sala tano, nimesema uongo mkavu mbele za watu, na sikuona haya mpaka nilipofika nyumbani nikafungua mlango.

Ni Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu. Shemeji atanisamehe kukuazima. Kitanda changu nimekisogeza ukutani, cha kwako nimekitandika dirishani.

Wabusu wajukuu, na Mungu akufungulie njia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitumbo