Kiti cha Nyuma cha Gari la Waziri

Jumanne, 1 Julai 2003

Kazi ile ile. Karatasi za mtihani wa Kifaransa mezani, kalamu nyekundu, chai imepoa. Wasichana wangu wa lycée wameandika tena vitenzi visivyokubaliana na viima vyake. Mwaka mzima nawaimbia: tazameni kwanza nani anatenda. Wanaitika "ndiyo Madame", kisha wanaandika wanavyotaka.

Évariste, mume wangu, amekwenda Muhumba kumwona mfanyabiashara anayehama na kuuza magari yake. Tumekubaliana: jeep. Kuukuu, mbaya, bila rangi, sijali. Iwe na magurudumu marefu tu. Mama yangu yuko Bunyakiri, nyonga imevunjika tangu alipoanguka akikimbilia msituni na wenzake siku ya risasi. Hawezi kutembea. Pikipiki hawezi kukalia. Sasa njia imefunguka na mvua imekatika. Wenye bunduki wakibadili mawazo, au Septemba ikifika na matope yake, basi tena. Atafia kule.

Pickup ya parokia nimeiomba mara tatu. Jibu ni moja: hakuna mafuta. Na mara zote naiona ikipita.

Jumatano, 2 Julai

Siyo jeep.

Nina hasira. Nilisikia honi nje, nikatoka na kanga mabegani nikidhani mama yangu amepona leo. Nikakuta gari jeusi, refu, la Kijerumani, lile ambalo watu hapa wanaliita gari la waziri. Limelala chini kama bata anayeatamia. Ndani, mume wangu, chef de travaux, mwalimu wa chuo kikuu, anacheka peke yake.

Alinizungusha kulitazama. Vioo vinashuka kwa kidole. Dari linafunguka uone mbingu. Mbao halisi mbele ya dereva. Saa yenye mishale. Redio ya kaseti inayojirudisha yenyewe. Taa za mbele zina vifagio vyake vidogo vya kujifutia vumbi. Kiti cha nyuma cha ngozi nyekundu, kipana, cha watu watatu wanene. Na climatisation, mashine ya kupoza hewa.

Climatisation! Bukavu! Mji ambao asubuhi ya Julai tunavaa sweta kwenda kuchota maji.

Nilimuuliza litapandaje milima ya parc, hifadhi ya msitu, kwenda Bunyakiri. Akasema injini yake ni nguvu ya ajabu, na jeep ilikuwa imeshauzwa, na mwenye gari alikuwa na haraka, na nafasi kama hii haiji mara mbili. Akiba yetu yote imekwenda huko. Mwanaume ametumwa dawa, amerudi na marashi.

Nimeapa mbele yake na mbele ya Clarisse binti yetu: sitakaa ndani ya kitu kile. Hata siku moja.

Ijumaa, 4 Julai

Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nimeinama. Évariste alipokuwa anaoga, nimepiga magoti kwenye vumbi nikatazama tumbo la gari lake. Kati ya chuma na ardhi, kiganja changu kimesimama wima na kimegusa. Barabara ya Bunyakiri ina mawe yanayonifika magotini. Hata njia ya kwetu hapa Nguba inaliumiza.

Majirani wanakuja kutoa pongezi. Wanalisifu, wanaligusa ile nyota ya mbele, wanajitazama katika rangi yake. Maman Furaha wa nyumba ya pili amekaa kiti cha nyuma, amefumba macho, amesema ni kama kukaa kwa Bikira Maria. Nimeingia ndani nikafunga mlango kwa nguvu ili Évariste asikie.

Sijaongea naye. Nampakulia chakula, naweka, naondoka. Anachukua kitambaa anakwenda kulifuta. Mchana wote kulifuta.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda misa kwa miguu. Yeye nyuma yangu na gari, mwendo wa konokono, kioo kinashuka, kioo kinapanda. "Maman Clarisse, ingia." Kioo kinapanda. Mbele kidogo kinashuka tena. "Maman Clarisse, batu banatuangalia." Kweli walikuwa wanatuangalia. Nilinyoosha shingo nikaendelea, viatu vikijaa vumbi lake.

Mbele ya kanisa, wamama wote wa kikundi chetu cha rozari wamesimama, ndipo nikamgeukia. Nimesema kwa sauti: "Mama yangu ataingia siku gani mu climatisation yako?"

Évariste akawa rangi ya majivu. Hakuingia kanisani. Mimi niliingia, nikakomunika na hasira yangu tumboni. Mungu anajua. Sijutii.

Jumatatu, 7 Julai

Ameondoka. Gari halipo. Clarisse alimwona alfajiri akipakia jembe, jerikani mbili na blanketi. Amemwambia: "Naenda leta koko." Koko ni bibi, mama yangu.

Mjinga. Mjinga mkubwa. Na gari lile! Kuna barriere, vizuizi vya barabarani, kuna msitu, kuna vijana wenye bunduki ambao hawajawahi kuona dari linalofunguka. Mtu akiniudhi aniudhie nyumbani, siyo kwenda kunifia porini ili mimi ndiye niwe mbaya.

Karatasi za mtihani sijagusa.

Jumatano, 9 Julai

Hakuna habari. Nimepika, hakuna aliyekula. Nimefua shati zake. Kisha nimekasirika kwa sababu nimezifua.

Redio inaongea amani na serikali mpya Kinshasa. Wamejaa mawaziri huko. Wachukue na gari lao.

Alhamisi, 10 Julai

Naandika ili nisipige kelele.

Mchana amekuja sista mzee anayeshughulikia phonie ya parokia, ile redio wanayoongea nayo na mapadri wa Bunyakiri. Alikuwa amevua miwani. Nilijua kabla hajafungua kinywa. Alinishika mikono yote miwili. Maneno yake ni haya, hayatanitoka: "Madame, pole. Banasema ku phonie: Papa Clarisse... imekufa ku Bitale. Mutume batu ya kubeba."

Nikamuuliza na mama yangu je. Sauti ilikatika hapo, hakusikia zaidi.

Imekufa ku Bitale. Pale chini ya msitu. Sijui ni risasi au ni korongo. Clarisse amelia mpaka amelala sakafuni. Mimi machozi hayaji. Nimejaa hasira tu. Na yeye, na gari, na mfanyabiashara wa Muhumba. Na mimi, na mdomo wangu mbele ya kanisa. Nilimfukuza mume wangu na sentensi moja.

Ijumaa, 11 Julai

Matanga. Viti vyote vimetolewa nje, mikeka imetandikwa saloni mwetu. Watu mpaka barabarani. Wamama wa rozari wanaimba. Wananitazama pembeni. Wote walikuwepo Jumapili, wote walisikia.

Prosper, mdogo wake Évariste, ndiye atakwenda kuleta maiti. Amechongesha sanduku kwa fundi wa hapa jirani, mbao za mkaratusi, zinanuka bado. Na pickup? Parokia imetoa pickup. Leo hii. Kabla hata hatujamaliza kuomba. Na dereva juu yake, na mafuta tangi nzima.

Nilisimama nikamuuliza padri mbele ya watu: mafuta yametoka wapi? Kwa mgonjwa hakuna, kwa maiti yapo? Akasema maiti haingoji, mwanangu. Nikamwambia mama yangu naye hangoji. Wamama wakanivuta kwa kanga nikae. Wamesema ni uchungu unaniongelesha. Siyo uchungu. Ni mafuta.

Nimemwambia Prosper apitilize mpaka Bunyakiri, amlete mama, kama yupo. Aweke sanduku upande mmoja na mama upande mwingine. Basi ndivyo itakavyokuwa. Kwa miezi nimeomba gari la mtu aliye hai, nimepewa la mfu.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Jua likianza kuinama pickup imefika. Wamama wakasimama, wakapiga yowe kama inavyotakiwa. Mimi niliinuka mkekani. Sanduku lilikuwa nyuma, nimeliona kwanza. Juu yake amekaa Prosper, anacheka. Nikadhani amerukwa na akili.

Kando ya sanduku, kiti. Kiti chekundu cha ngozi, kizima, cha watu watatu wanene, kimefungwa kamba kwenye mianzi miwili mirefu. Na juu ya kiti, mguu umenyooshwa, blanketi mpaka kidevuni, mama yangu. M'Birindwa mwenyewe. Mdogo kama kifaranga, macho makavu, anatazama watu wote wale kama anayehesabu nani hajamsalimia.

Halafu mlango wa mbele ukafunguka, akashuka Évariste. Ndevu, matope, mabega yamechubuka hadi nyama. Alitazama mikeka, viti vya nje, wamama wenye vitambaa kichwani. Nimemwona akiogopa. Akauliza kwa sauti ndogo: "Kwetu, ni nani alikufa?"

Maman Furaha alikimbia mpaka akaacha kiatu.

Mambo yalikuwa hivi. Alifika Bunyakiri. Gari hilo hilo, kwa jembe, kwa kusukumwa, kwa kuomba barriere hadi barriere. Amemlaza mama kiti cha nyuma, wakageuka. Kwenye mlima juu ya Bitale jiwe likapasua tumbo la gari, mafuta ya injini yakamwagika yote, motere ikakata. Akamtuma mwendesha baiskeli parokia ya Bunyakiri, apeleke neno kwenye phonie: ya Papa Clarisse imekufa ku Bitale, mutume batu ya kubeba.

Ya. Phonie imemeza "ya".

Gari ndilo lilikufa. Na mimi, mimi ninayewapiga wasichana wa watu kalamu nyekundu kwa ajili ya kiima na kitenzi, sikusikia. Imekufa, siyo amekufa! Lakini kwetu hapa nani anauliza? Papa iko, gari iko, Mungu iko. Vyote tumevitia katika i- moja, ndiyo maana nimekaa siku mbili mkekani kumlilia injini.

Alipoona hakuna anayekuja, aling'oa kiti cha nyuma kwa bisibisi, akakata mianzi, akatengeneza kipoyi, machela yetu ya milimani. Wanaume wa Bitale wakampokea kwa zamu, kijiji hadi kijiji, msitu mzima. Yeye hakutoka kwenye mwanzi wake. Prosper na sanduku lake wamewakuta kwenye mlango wa parc, na mama, alipoambiwa sanduku ni la nani, amesema: "Mulibebe tu. Itanifaa, lakini si leo."

Nilimwendea Évariste. Nilitaka kumkumbatia, nikampiga kofi. Kisha ndiyo nikamkumbatia, na machozi yote ya siku mbili yakaja mbele za watu, na padri akiwepo.

Watu hawakuondoka. Chakula cha matanga kimeliwa chote.

Jumatano, 16 Julai

Daktari amemwona mama. Nyonga imejiunga vibaya, hatatembea kama zamani, lakini ataishi. Amesema aliyembeba alijua kubeba, hakuna kidonda mgongoni.

Habari za gari, kule lilikoachwa: magurudumu yamekwenda, nyota imekwenda, vioo vya kidole vimekwenda. Kuku wanalala ndani, dari li wazi. Évariste anasikiliza habari hizo anatazama viatu vyake. Nilitaka kumsuta. Nimejizuia mpaka chakula, baadaye nikamsuta kidogo. Kwamba angenunua jeep. Hakubisha. Hilo limeniudhi zaidi.

Bado nina hasira. Nimeangalia vizuri ndani yangu, ipo. Ila sasa ina mtu wa kukasirikiwa, na anakoroma chumba cha pili.

Jumapili, 20 Julai

Asubuhi baridi. Évariste amempeleka Clarisse misani, kwa miguu. Nimebaki na mama.

Kiti kiko saloni chini ya dirisha, hakikupatikana mahali pengine pa kukiweka. Mama hataki kingine. Analala hapo, anakula hapo, anapokea wageni hapo. Ngozi imechanika upande mmoja, alama za kamba zimebaki. Nimemletea uji. Amekunywa taratibu, akapapasa ngozi na mkono wake.

"Mukwe wangu alinunua kiti muzuri," amesema. "Ile vyuma ingine ilikuwa ya kazi gani?"

Nikacheka peke yangu. Akasogeza mguu wake mbaya, polepole, akaacha nafasi pembeni. "Ikala, mwana wangu. Unasimama kama mugeni."

Nilikumbuka kiapo. Nikatazama dirishani kama wanarudi, barabara ilikuwa tupu.

Nimekaa. Ni laini. Évariste sitamwambia.