Jina Lako Kwenye Kila Mstari Wangu

Mangobo, Kisangani
Tarehe 4 Machi 2024

Mpendwa tonton Hugues,

Nakusalimu sana, wewe na tante Josée na watoto. Natumaini baridi ya huko Ubelgiji imeanza kulegea na mgongo wako hauumi tena kama ulivyouma Krismasi. Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Papa presha yake ilipanda mwezi uliopita, ikashuka, sasa anakwenda mwenyewe hadi sokoni na kurudi akilalamikia bei ya samaki. Mvua imeanza. Courant, umeme wetu wa mashaka, inakuja ikipenda.

Utashangaa kuona karatasi badala ya WhatsApp. Barua hii anakuletea Adèle wa jirani, anapanda ndege Bangboka Jumamosi. Kwenye simu unasoma, unanyamaza, zile alama mbili za bluu zinabaki pale na mimi nabaki kuzitazama. Karatasi utaishika mkononi.

Bon. Nianze na mema, maana mimi si mtoto asiye na shukrani. Ni wewe, ndugu ya papa, uliyetuma kompyuta ya mezani mwaka 2020, pamoja na skrini yake na onduleur ya kuishikilia dakika kumi courant ikikatika. Ni wewe uliyenifundisha kwa simu mstari wangu wa kwanza wa programu, ukanicheka, ukarudia tena. Na kila mwezi uliniandikia vifaa: weka hiki, jaribu kile. Nilivijaribu vyote. Leo nakupa majibu, kama mtu aliyevitumia.

VS Code yako, ile ya kuandikia programu, ni nzuri kwa wenye mashine za nguvu. Yetu ilikuwa inahema tu. Niliiondoa nikaweka Geany, ni nyepesi, inafunguka kabla sijakaa vizuri. Zeal ilinisaidia kuliko vyote: nilishusha maelezo ya lugha nzima mara moja pale cyber, na mpaka leo nayasoma nyumbani bila internet. Data niliziweka kwenye SQLite, faili moja tu, hakuna server ya kubembeleza, na courant ikikatika katikati ya kuandika, yaliyokwisha kuhifadhiwa yanabaki salama. Waambie wale wenzako wa huko wanaopiga kelele internet ikipotea dakika tano.

Halafu Git. Ah, Git! Uliisifu sana: inatunza kila hatua, nani aliandika mstari gani, siku gani, saa ngapi, na haihitaji internet. Siku nilipoiweka iliniuliza jina. Nikakaa nikafikiri. Kwetu watu wa mto, wewe unajua, mtumbwi wa kuazima unaitwa kwa jina la mwenyewe hata ukiupiga kafi miaka kumi. Machine ni ya tonton, nikasema. Nikaandika Hugues. Na email nikaweka yako, kwa kuwa hata ile akaunti ya kuhifadhi kazi kwenye internet wewe ndiye uliyeifungua. Ilikuwa heshima, tonton! Kumbe nilikuwa namwandikia mtoto wangu cheti cha kuzaliwa kwa jina la mtu mwingine.

Programu yenyewe unajua ilitoka wapi, lakini naandika, kwa sababu inaonekana umesahau. Baleinière moja ilizama njia ya Isangi, ile boti ndefu ya mbao iliyojaa watu na mihogo. Siku nne watu walikaa bandarini wakiuliza kama ndugu zao walikuwamo, na hakuna aliyejua. Rosine, anayepakia boti pale, aliniambia huku akilia kwamba magunia aliyaandika yote, watu hakuwaandika. Ndipo nikaanza. Miaka mitatu, tonton. Jina la msafiri, mahali anaposhuka, na mtu wa kupigiwa simu. Leo hakuna boti ya Rosine inayong'oa nanga bila orodha.

Sasa tufike kwenye kinachonichoma.

Mwezi wa kwanza walikuja bandarini watu wa shirika moja. Wanataka kuipeleka programu kwenye bandari zote mpaka Basoko, na wanamtafuta aliyeiandika awe mkuu wa kazi hiyo, afundishe makarani, aikuze. Rosine akawaambia: mwenyewe ni huyu. Wakafungua laptop yao, wakatumia ile amri ya Git inayoitwa blame, yaani lawama, inayoonyesha mwenye kila mstari. Hugues. Hugues. Hugues. Mistari elfu sita, yote Hugues. Mmoja wao akanitazama kwa huruma, akaniambia labda mimi nilikuwa nakusaidia kuingiza majina ya abiria. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikajipa moyo. Nikasema watamwandikia tonton, tonton atawaambia kweli, tutacheka. Walikuandikia. Na wewe ukawajibu kwamba ndiyo, ni kazi yako. Mimi nilijuaje? Si ulinitumia sauti mwenyewe! "Falonne, nieleze kidogo ile sehemu ya watu wanaoshuka njiani, tarehe 24 nitaulizwa kwa video. Ni kazi ya familia, au?"

Kazi ya familia. Tonton, wewe huna haya? Unataka nikufundishe kazi yangu ili uichukue vizuri? Ile sauti niliisikiliza nikiwa naosha sahani, nikaziacha sahani pale pale na mapovu yake. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Na usidhani sina la kusema mbele yao. Git haiandiki jina tu, inaandika na saa ya mahali mashine ilipo. Wakati wa baridi, ninyi na sisi tunapishana saa moja. Nimepitia miaka yote mitatu: kila Desemba, kila Januari, kila mstari una saa za Kisangani. Na wewe huu ni mwaka wa saba hujakanyaga hapa, hata mazishi ya koko, bibi yangu, hukufika. Watajiuliza ulikuwa unaandikia wapi. Ningeweza kuwapelekea hayo kesho asubuhi. Sijawapelekea. Nataka wasikie kwako, kwa mdomo wako, kwa sababu nikikushinda kwa ushahidi nitapata kazi na nitapoteza tonton, na mimi nilivitaka vyote viwili.

Jina nimelibadilisha. Ni amri ya mstari mmoja, inachukua sekunde tatu, na kila kijana anayeanza leo nitamwambia aifanye kabla ya kitu kingine chochote, hata kama machine ni ya baba yake, hata kama ni ya askofu. Kuanzia tarehe 12 Februari kila mstari mpya una Falonne. Ya nyuma sikuyafuta. Yabaki, nisije nikaitwa mwizi mimi.

Sehemu ya watu wanaoshuka njiani sikuelezi. Ukiulizwa, waambie hujui, itakuwa neno la kwanza la kweli kuwaambia.

Ninachoomba ni kimoja. Kabla ya tarehe 24 ya mwezi huu, waandikie hao watu kwamba programu niliiandika mimi. Usiongeze maneno, usijisifu, usiombe msamaha. Andika tu. Papa hakutaka nikuandikie hivi. Alisema: "Mutoto, acha ile maneno. Dawa yangu inatoka kwake." Ni kweli inatoka kwako, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ulijua tutanyamaza.

Nisalimie tante Josée, mwambie kitambaa alichokituma kimeshonwa na kimenikaa vizuri. Nisalimie Nadia na mdogo wake Sadrack, nasikia naye ameanza kuandika programu shuleni. Mwambie aandike jina lake mwenyewe. Rosine anakusalimu, ingawa si kwa moyo wote. Mungu akulinde huko, akuponye mgongo, na ausumbue moyo wako kidogo mpaka ufanye lililo haki.

Mimi niliyekupenda, na ninayetaka kuendelea kukupenda,

Falonne

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua. Papa akaniomba nimsomee, nikamsomea yote, hata pale panapomhusu. Hakuniamini kwamba uliwajibu ni kazi yako. Nikamfungulia ile sauti. Aliisikiliza mara mbili, nikaogopa presha. Kisha akaniambia niite toleka, baiskeli ya kukodi.

Kazi yangu niliinakili kwenye flash mbili, nitaendelea kwenye machine ya Rosine bandarini. Yako tuliipangusa vumbi, tukaifunga na skrini na onduleur na waya zake zote kwenye baiskeli ya toleka, na papa akatembea kando yake kwa miguu kutoka Mangobo hadi Makiso, na dawa zake zimebaki za siku tisa. Aliipeleka kwa wakwe zako. Aliiweka katikati ya salon, pale wanapokaa wageni, mbele ya watu wote. Mama mkwe wako akauliza kuna nini. Papa akajibu: "Kazi ya mutoto wangu ilifanyika humu, lakini machine iko ya Hugues. Atawaeleza yeye mwenyewe."

Wanangoja simu yako.