Utumbo Ulionyooka

Bwera, Juni 1969

Kaka Hilaire,

Sisi huku wazima, kahawa imeanza kuiva.

Jumapili tulichinja mbuzi. Nilipokuwa naosha matumbo, mume wangu Xavier akashika kipande cha mwisho.

"Madaktari wanaita rektamu," akasema. "Ni Kilatini, maana yake iliyonyooka. Waliotunga jina walipasua wanyama tu. Ya mutu iko na kona."

Nyama hakugusa. Tangu atoke hospitali Kasese anasema walimkuta na minyoo. Sasa nani anamkalisha mchuuzi wa kahawa kama yeye kumfundisha utumbo wake, kama ni minyoo tu?

Nikamwambia nitakuuliza wewe, muuguzi wetu. Akainamisha kichwa.

"Usimsumbue Hilaire. Nilishamwapisha."

Alikuapisha usiniambie nini, kaka?

Mdogo wako anayengoja jibu,
Marie-Louise