Mstari wa Buluu

Kakese, Mpanda

Mwanangu mpendwa Aneth,

Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Huku mvua imenyesha vema, karanga zimetoa maua, na jirani yetu Nyanzala bado ananiletea maziwa, akidai kwamba mgane asipochungwa hunywa chai ya rangi hadi Pasaka.

Nimeitazama michoro yako ya vibao na alama za hospitali mpya, nami nakupongeza. Naomba jambo moja tu, kwa unyenyekevu: uuondoe ule mstari wa rangi uliouchora sakafuni ili kuwaongoza watu hadi wodini.

Siku ya mwisho ya mama yako nilitumwa dirisha la dawa. Wakati wa kurudi niliufuata mstari wa buluu uliochorwa sakafuni mwa hospitali ile, hadi ukapotea chini ya mikeka na vitenge vya ndugu wa wagonjwa waliolala koridoni. Mama mmoja akaniambia, "Turuke tu, babu, sisi ndiyo tumeshahamia hapa!" Lakini nimelelewa kutomruka mtu aliyelala, nami niliona haya kuwaamsha. Nikazunguka nje, nikapotea kati ya majengo. Nilipofika, muuguzi alikuwa amekwisha kumfunika uso. Alisema mama yako aliniulizia.

Pale msibani uliniuliza, "Baba, ulikuwa wapi?" nami nikanyamaza. Nisamehe. Nilikuwa naitafuta njia.

Ichore ukutani, mwanangu, juu ya vichwa vya walioketi.

Baba yako akupendaye,
Alois