Eimu Bila Kidole cha Mwisho

Jumatatu, 3 Juni

Gundi imeisha tena. Tumbo la Eimu limekauka, mdomo bado. Mwalimu Mutinda wa sanaa alisema kila mmoja wetu achukue hadithi ya kwao aifanye kitu cha leo. Mimi nimechukua Eimu, zimwi mmeza watu wa hadithi za Susu, nyanya yangu. Mwili ni mitungi ya plastiki na vipande vya tairi. Tumboni nimebandika nguo za waliomezwa. Shati la kijani ni la kaka yangu Musyoka. Sikumwomba. Yuko safarini, ni taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la Garissa.

Jumatano, 5 Juni

Musyoka hapatikani kwa simu. Alikuwa afike jana. Mama anasema ni network tu. Anasema hivyo na simu haimtoki mkononi hata akisonga ugali.

Alhamisi, 6 Juni

Nilimwonyesha Susu picha ya Eimu kwenye simu. Nilitaka sifa. Akapitisha ukucha kwenye vidole, kimoja kimoja. "Mwiitu wakwa, binti yangu, hiki cha mwisho kiko wapi?"

Nimempa vidole vinne, kama vikatuni vya TV. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kila mtoto wa hapa Mwingi anajua: Eimu akishindwa hukatwa kidole kidogo, na wote aliowameza hutokea hapo wazima.

"Sasa hawa watatokea wapi?" Kisha akaliona shati. Akanirudishia simu.

Naogopa.

Ijumaa, 7 Juni

Bado. Tajiri wa lori pia hajui. Mama ameshinda kanisani amefunga. Juzi alisema kazi yangu ni ya shetani. Leo hajanisemesha kabisa, na hiyo ni mbaya zaidi.

Nilijaribu kulitoa shati, gundi imelishika. Nikivuta litararuka. Mwalimu akaniona. Anasema hakuna kazi inayoishinda hii, maonyesho ya mashindano ni kesho, nisiiguse. Ujinga huu nimeufanya mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi, kabla ya wageni kufika, nilimshonea Eimu kidole cha tano, cha tairi. Nikakikata papo hapo. Nikapasua tumbo, nikalitoa shati na gundi yake. Mwalimu Mutinda alinigombeza mbele ya shule nzima. Wacha agombe. Sikushinda chochote.

Mchana Musyoka akapiga simu. Lori liliharibika porini mbele ya Garissa. Nimelia mpaka kichwa kikauma.

Jumatatu, 10 Juni

Musyoka yuko nyumbani. Amekula muthokoi, akaongeza. Mkono wa kushoto una bandeji. Jumamosi asubuhi, wakifunga mlango wa nyuma wa lori, ulimkata kidole kidogo. Anacheka akisimulia. Mama anamshukuru Mungu kwamba ni kidole tu.

Susu aliniangalia, kisha akaendelea kuchambua ndengu.

Shati nimelifua mara ya pili. Bado linanuka gundi.