Chai Tuliyomchumia Nyanya Kerubo

Mama yangu,

Nakusalimu kutoka Nyamache, nikitetemeka kwa baridi. Ile sweta niliyoikataa, ulikuwa umesema kweli.

Jana sisi vijana wa kanisa tuliokuja huku kwa wiki ya injili tulienda kumchumia chai mjane mmoja, Nyanya Kerubo. Tuliimba mapambio na kufikia saa nne vikapu vilikuwa vimejaa, maana tulichagua majani makubwa makubwa, kama mtu anayechuma sukuma wiki. Kumbe chai ni majani mawili machanga na chipukizi lake! Nyanya hakutugombeza. Alitupikia ndizi, kisha akamwaga mavuno yetu juu ya gunia na kuanza kuyachambua, jani moja moja. Sisi watumishi wa Mungu tukaendelea kula. Niliweka sahani chini, Mama, nikaenda kuketi karibu naye kuchambua. Mahubiri yote ya wiki nilianza kuyaelewa hapo.

Jioni akatuombea: “Asante Mungu kwa watoto hawa. Roho wanayo. Sasa wape macho.”

Kiongozi wetu amemwahidi kwamba kesho tutamkamia ng'ombe. Nakupenda sana. Tuombee, lakini anza na ng'ombe.

Mwanao,
Otis